Matofali ya tuta langu la maua yameinama na nyasi zimepita chini yake: nijenge ukingo gani?

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi pembezoni mwa jiji la Arusha. Nyuma ya nyumba nina uwanja wa nyasi za kikuyu, na kando yake tuta la maua lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita moja na nusu, ambalo upande mmoja limeshikana na ukuta wa nyumba. Nina mawaridi, agapantha na marigoldi. Mwaka juzi fundi alinipangia ukingo wa matofali ya kuchoma, yaliyochomekwa mshazari kwa mtindo wa meno ya msumeno. Masika ya kwanza yakainama, masika ya pili mengine yakamomonyoka kabisa, na sasa kikuyu imeingia mpaka kwenye mizizi ya mawaridi. Udongo wetu ni mweusi, na kiangazi hupasuka. Fundi mwingine anataka amwage zege la kimo cha futi moja kulizunguka tuta ili 'tumalize kazi'. Binti yangu ananiambia ninunue ukingo wa plastiki wa kukunjua. Jirani ametumia mirunda. Ni kipi ambacho nyasi hazitakivuka, nami nisirudie gharama kila mwaka?"

Mwalimu, shikamoo. Nikilisoma swali lako naona lina hofu mbili: ya kwanza ni nyasi, ya pili ni fedha kuzikwa ardhini kila mwaka pasipo kitu kusimama. Umeshauriwa njia tatu, na kila aliyekushauri ametaja kifaa tu: zege, plastiki, mirunda. Mimi ningependa tuanze na kile kilichoyaangusha matofali yako, kwa sababu hicho hicho kitalipasua na zege lisipojengwa kwa kukizingatia.

Jambo kubwa umelitaja wewe mwenyewe, nalo ni udongo mweusi unaopasuka. Huo ni mfinyanzi ambao chembe zake hunywa maji na kuvimba, kisha husinyaa ukikauka. Sasa tazama hali ya tuta lako wakati wa kiangazi. Wewe unamwagilia maua jioni, lakini uwanja wa nyasi huumwagilii, au unaumwagilia mara chache. Upande wa ndani wa ukingo udongo umelowa na umevimba. Upande wa nje umekauka, umesinyaa na kuacha nafasi. Matofali yaliyo katikati yanasukumwa kutoka ndani ilhali nje hayana cha kuegemea, basi yanainamia uwanjani. Masika yanapoingia mwezi Machi, maji yanayoteremka kutoka tutani huchimba chini ya yale yaliyokwisha kulegea. Ukienda kutazama sasa hivi, natarajia utakuta karibu yote yameinamia upande wa nyasi, na machache sana upande wa maua. Mtindo wa mshazari umechangia pia, kwa kuwa kila tofali linakalia ardhi kwa kona moja tu, tena bila msingi wowote, na kati ya jino na jino kunabaki pembe iliyo wazi ambayo fyekeo halifiki lakini kikuyu inafika bila taabu.

Yale yaliyomomonyoka ni habari nyingine: hayakuiva tanurini. Tofali lililokaa pembeni mwa tanuri hutoka likiwa na rangi nzuri ya nje na tumbo bichi, na kwenye ukuta wenye plasta udhaifu huo unaweza kujificha kwa miaka, lakini ardhini mvua mbili zinatosha kuuanika. Kabla ya kununua tena, chukua matofali mawili uyagonganishe. Yaliyoiva hutoa mlio mkali wa kuvuma, mabichi hutoa kishindo kizito kilichokufa. Kisha chagua moja, ulipime uzito likiwa kavu, ulizamishe ndani ya ndoo ya maji kwa saa 24, ulipime tena. Tofali zuri halipaswi kunywa zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, yaani tofali la kilo 3 lisizidi gramu 600 za maji. Likianza kuacha tope ndani ya ndoo, hakuna haja ya mizani.

Kuhusu nyasi zenyewe, kwanza tuipe kikuyu heshima yake. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwa hiyo Arusha haikuja kutembea, iko kwao. Inasafiri kwa njia mbili. Juu ya ardhi hurusha mashina yanayotambaa na kutia mizizi kwenye kila kifundo. Chini ya ardhi hupeleka mashina meupe yenye ncha ngumu, ambayo sehemu kubwa yake hukaa katika sentimita 15 hivi za juu. Kipande chochote chenye kifundo kikibaki udongoni kinachipua upya. Kwa hiyo ukingo wenye kimo kikubwa juu ya ardhi lakini usio na kina unazuia njia moja tu, na hata hiyo huizuia kwa muda, kwa sababu mashina ya juu hupanda ukuta mfupi iwapo hakuna anayeyakata. Ninachotaka ulishike kuliko yote ni hili: kinachozuia nyasi ni kina cha ukingo chini ya ardhi pamoja na ukanda tambarare mbele yake, unaokuwezesha kuona shina linalovuka na kulikata. Kimo cha juu ni pambo.

Sasa pendekezo la zege. Sisemi kwamba fundi wako hajui kazi yake. Zege halina viungo vingi, haliozi, na huenda lisiwe ghali kama unavyodhani: tuta lako lina pande tatu za kuzungushia, yaani mita 12 za mbele na mita moja na nusu kila ncha, jumla mita 15. Zege lenye kimo cha sentimita 30 na unene wa sentimita 10 kwa urefu huo, kwa mchanganyiko wa saruji ndoo moja, mchanga mbili na kokoto nne, litakula takriban mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50. Matofali 300 mazuri yanaweza kukaribia gharama hiyo au kuipita, kutegemea umbali wa tanuri. Shida yangu iko kwingine. Zege refu lisilokatwa, likiwekwa juu ya udongo unaovimba upande mmoja na kusinyaa upande wa pili, litapasuka popote litakapotaka, na ufa wa zege hauzibiki kwa kugonga tofali likarudi mahali pake. Jingine ni kwamba futi moja juu ya ardhi kando ya ukuta wa nyumba inaligeuza tuta kuwa birika: maji ya masika hayana pa kutokea, mizizi ya mawaridi inakosa hewa na kuoza, na maji yaliyobaki yanashuka kwenye msingi wa nyumba yako.

Hapo ndipo ninaposisitiza kuliko mahali pengine, kwa kuwa ukuta ukiharibika gharama yake haifanani na ya maua. Tuta likishainuliwa ukingo, mwenye nyumba hushawishika kulijaza udongo na samadi mpaka juu. Nyumba iliyojengwa vizuri ina tabaka la kuzuia unyevu usipande ukutani, na udongo wa nje unapaswa kubaki angalau sentimita 15 chini ya tabaka hilo. Ukilifunika, unyevu unapata daraja: rangi inatoka malengelenge, plasta inabanduka kwa ndani, na mwenye nyumba humlaumu fundi wa rangi. Kwenye udongo mweusi, kumwagilia maji kila jioni kandokando ya msingi kuna hatari yake zaidi, kwa sababu udongo huvimba sehemu moja ya nyumba na kubaki mkavu sehemu nyingine. Ushauri wangu, hata kama hutabadilisha ukingo mwaka huu, ni kuyasogeza maua nusu mita mbali na ukuta na kuiacha nafasi hiyo iwe na kokoto juu ya udongo ulioshindiliwa, wenye mteremko mdogo unaoyapeleka maji mbali na nyumba. Tuta litapungua upana na kubaki mita moja, na mawaridi yatakushukuru kwa hewa yatakayoipata mgongoni, maana ukungu wa majani hupenda mahali penye unyevu na hewa iliyotuama.

Plastiki ya kukunjua aliyoipendekeza binti yako inafaa pale ambapo mstari una mikunjo mingi. Lakini ile nyembamba yenye mawimbi inayouzwa madukani mara nyingi ina kimo cha sentimita 10 hadi 15 tu. Ukiacha sehemu ijitokeze juu, kinachobaki chini hakifikii kina cha mashina ya kikuyu. Kwenye mwinuko wa Arusha wa mita 1,400 hivi jua lina ukali wake, na plastiki isiyotengenezwa kuvumilia mionzi hukakamaa, hupauka na kuvunjika inapoguswa na fyekeo. Ukipata ile nene, isiyopungua milimita 2 na yenye kimo cha sentimita 20 au zaidi, hiyo ni kazi nyingine, mradi ipigiliwe vigingi na ncha zake zipishane.

Mirunda ya jirani yako nimeielewa, maana ni rahisi kuipata. Kama haikutiwa dawa, mchwa watakuwa wameshaanza. Kama ilitiwa dawa, mara nyingi dawa yenyewe ni mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki, ambao huipa rangi ya kijani. Kwa maua haina neno kubwa, ila usipande mchicha wala sukuma wiki pembeni yake, na vipande vilivyobaki visiende jikoni kuwa kuni kwa sababu moshi na majivu yake ni sumu. Mawe ya duara yanapendeza kwenye picha, na kila pengo kati ya jiwe na jiwe ni mlango wa kikuyu. Matairi yaliyopakwa rangi nisingeyaweka hata kwa bure, kwa sababu yanatunza maji ya mvua, na mbu wa dengi hawahitaji zaidi ya hapo.

Ipo pia njia isiyonunuliwa. Ni mfereji mwembamba unaokatwa kwa beleshi kali kati ya nyasi na tuta: upande wa nyasi unakatwa wima kwa kina cha sentimita 15, upande wa maua unapanda taratibu. Mashina ya chini yanapofika hapo hujitokeza hewani na unayakata. Kwa kikuyu wakati wa mvua itakulazimu uurudie mfereji kila baada ya wiki tatu hivi, na sijui kama magoti yako au mfuko wa kibarua vitakubali. Hata hivyo ningekuomba uanze nao kwa msimu mmoja. Utajua kama mstari ulioupenda ndio unaofaa, maji ya mvua kubwa yanatokea wapi, na kijana wa kukata majani anapita wapi na mashine yake. Mstari wa mfereji unabadilishwa asubuhi moja; wa matofali haubadilishwi kirahisi hivyo.

Kama ingekuwa bustani yangu, ningejenga kwa matofali yaliyoiva, safu mbili, bila saruji kwenye viungo. Safu ya ndani husimama wima na kuzikwa ardhini kama kizuizi. Safu ya nje hulala chali, usawa mmoja na uwanja, ili gurudumu la mashine lipite juu yake na kukata majani mpaka mwisho. Matofali ya kuchoma hutofautiana vipimo, lakini tukichukua lenye sentimita 22 kwa 11 kwa 7, kila safu itahitaji matofali 9 kwa mita, kwa hiyo safu mbili kwa mita 15 ni 270. Ongeza ya kuvunjika, nunua 300.

Kazi ifanyike Juni au Julai, baada ya masika, udongo ukiwa na unyevu wa kukubali sururu lakini haunatii chepe. Ukisubiri hadi Septemba utalipa vibarua kupasua mwamba, na ukifanya Aprili utashindilia tope ambalo litashuka lenyewe baadaye. Kwanza ng'oa kikuyu iliyomo tutani. Chimbua kwa uma wa bustani, usikate kwa jembe, kwa sababu jembe linakata shina moja kuwa mashina kumi. Mawaridi yaliyovamiwa mpaka kwenye shina yang'olewe yakiwa yamepogolewa, yaoshwe mizizi, kila uzi mweupe uondolewe kwa mkono, kisha yarudishwe siku hiyo hiyo. Masalia ya kikuyu yaanikwe juu ya sakafu ya saruji mpaka yakauke kabisa. Yakitupwa kwenye shimo la mboji yatarudi pamoja na mbolea. Dawa ya kuua magugu siipendekezi hapo, kwani tone moja kwenye shina bichi la waridi linaweza kulidhuru lote.

Piga vigingi, vuta uzi, na uupime kwa pima maji. Chimba mtaro wenye ngazi mbili: upande wa maua kina cha sentimita 22, upande wa nyasi kina cha 12, upana wote usipungue 35. Sakafu ya ngazi zote mbili ishindiliwe, itiwe moramu ya sentimita 5, imwagiwe maji kidogo na ishindiliwe tena mpaka kisigino cha buti kisiache alama. Hapa ndipo fundi mwenye haraka huruka hatua, kwa hiyo uwepo mwenyewe. Moramu haivimbi, na kazi yake ni kuyatenga matofali na udongo unaocheza. Simamisha safu ya ndani, uso wake mpana ukielekea uwanjani, kichwa kikijitokeza sentimita 5 juu ya ardhi. Kisha chukua nailoni nyeusi nene, ile inayotandikwa chini ya zege la sakafu, ikunje mara mbili na uilaze wima kwenye uso wa nje wa matofali hayo, kutoka chini hadi chini kidogo ya usawa wa uwanja. Nailoni ndiyo inayoziba viungo ambavyo mashina yenye ncha yangevipenya. Baada ya hapo laza safu ya nje ikiibana nailoni, ukigonga kila tofali kwa nyundo ya mpira na kulilinganisha na uzi, ukilipa mteremko mdogo sana kuelekea nyasi.

Kila baada ya mita moja na nusu, acha kati ya tofali na tofali la safu ya wima upenyo wa upana wa kidole, juu ya nailoni, ili maji ya mvua kubwa yatoke tutani. Viungo vingine fagilia mchanga mkavu. Kwenye kona mbili tu ndipo ningeweka saruji, kipimo cha moja kwa nne, kwa sababu kona haina mwenzake wa kuibana. Udongo wa tuta ubaki sentimita 3 chini ya kichwa cha ukingo. Ukijaza mpaka juu, mvua ya kwanza itamimina samadi yako yote uwanjani.

Sikuahidi kwamba kikuyu haitavuka kamwe. Itajaribu kupita juu, na kwa sababu kuna ukanda tambarare wa sentimita 22 utaiona mapema. Kulizungukia tuta kwa kisu kikali kila majani yanapokatwa kunatosha. Matofali machache yatapanda au kushuka kwa mwaka wa kwanza. Yainue, ongeza moramu, yarudishe. Huo ndio uzuri wa kutotia saruji.

Ikiwa moyo wako bado uko kwenye zege, mwambie fundi alimwage vipandevipande vya mita moja hadi moja na nusu, vikitenganishwa kabisa kwa ubao mwembamba au kadibodi nene, juu ya moramu iliyoshindiliwa ya sentimita 15. Sentimita 20 ziwe chini ya ardhi na 10 tu juu. Aache vipande vya bomba la nusu inchi vya kutolea maji, na zege lifunikwe magunia na kuloweshwa kwa siku saba. Mabaki ya saruji asiyaoshee tutani.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyaamua kwa maandishi. Kabla ya mtu yeyote kushika sururu, mtafute aliyefunga umeme na maji ya nyumba akuonyeshe waya na mabomba yanapita wapi, na bomba la kwenda kwenye shimo la choo pia, maana mengi hupitishwa kandokando ya ukuta kama huo wako. Kama uwanja una mteremko kiasi kwamba udongo wa tuta utahitaji kuzuiwa kwa zaidi ya nusu mita, huo si ukingo tena, ni ukuta wa kuzuia udongo, na unataka fundi mwenye uzoefu wa kazi hiyo aje aone. Na kabla ya yote, zunguka ukutani nyuma ya tuta. Ukikuta nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye kona za madirisha, au ufa wowote unaofikia milimita 5, au milango iliyoanza kugoma kufunga, acha kabisa kumwagilia upande huo, ahirisha matofali, na umwite mhandisi wa ujenzi akague msingi. Mawaridi yanaweza kukaa kwenye ndoo zenye udongo kivulini kwa wiki kadhaa bila kudhurika, mradi yasikauke.